Kupandikiza uloto kwa mgonjwa wa saratani ya matezi: mwongozo kwa familia inayoanzia safari Tanga

Ukinywa supu ya mifupa asubuhi pale Ngamiani, hutakosa kumwona mzee kaushika mfupa, anaugonga kwenye ukingo wa bakuli, kisha anaufyonza. Anachokitafuta ni uloto. Ule wa mguu wa ng'ombe ni mafuta matupu. Uloto unaotengeneza damu ya mtu mzima umejaa zaidi kwenye nyonga, kidari na pingili za mgongo, nao ni mwekundu. Ndani yake mna seli shina, na kila chembe ya damu uliyonayo mwilini imezaliwa nazo.

Hizo seli ndizo zinazopandikizwa, na hakuna mfupa unaopasuliwa kuziingiza. Mdogo wangu, ambaye alitibiwa limfoma, yaani saratani ya matezi, ikamrudia, aliwekewa zake kwa mpira wa kifuani kama mtu anayeongezewa damu. Dakika arubaini hivi, mfuko ukaisha. Akanigeukia: "Dada, ndiyo hii tu iliyokiuza kiwanja cha Pongwe?"

Nilicheka, lakini swali lake halijanitoka. Kiwanja kilikwenda kwenye miezi iliyotangulia dakika zile na miezi iliyozifuata. Na sehemu yake, niseme kweli, ilipotea bure kwa kuwa hatukujua kipi kinatangulia kipi. Mimi si daktari, ni dada wa mgonjwa. Ninachoweza kukupa ni mpangilio, uujue kabla hujauza chochote.

Hatua ya kwanza: lijue jina kamili la ugonjwa

Saratani ya matezi, au limfoma, mara nyingi huanza na mitoki: uvimbe shingoni, kwapani au kinenani, usiouma. Mgonjwa anapungua uzito, anatoka jasho la usiku hadi shuka linalowa, na homa zinakuja na kuondoka. Sasa taja dalili hizo mbele ya mtu yeyote wa afya katika pwani yetu, atafikiria kifua kikuu cha matezi. Wala hakosei, maana hicho ndicho kilicho kingi. Kosa ni kuanza dozi na kuiendeleza bila kukata kinyama. Zahanati moja ilimpa mdogo wangu dawa za kifua kikuu, tukasubiri miezi minne huku mtoki unakua mpaka kola ya shati ikawa haifungiki.

Kwa hiyo omba tezi itolewe nzima, au angalau kipande kikubwa, kipelekwe maabara. Kuchoma sindano na kunyonya majimaji hakutoshi kuipa limfoma jina, kwa sababu mtaalamu anahitaji kuona jinsi seli zilivyojipanga ndani ya tezi. Majibu yakitoka, usichukue karatasi peke yake. Kile kinyama huhifadhiwa ndani ya nta, na kila hospitali utakayokwenda baadaye itakiulizia ili wakipime upya wenyewe. Sisi tulikirudia Dar es Salaam, safari nzima ya basi kwenda na kurudi, kwa ajili ya kitu kinachoenea kwenye kiganja.

Jina lenyewe lina uzito. Hodgkin, iliyopewa jina la daktari Mwingereza Thomas Hodgkin aliyeieleza mwaka 1832, ina njia yake ya matibabu. Zisizo Hodgkin ni kundi la makumi ya aina, nyingine zinakwenda mbio na nyingine zinatambaa kwa miaka. Kwa mtoto aliyevimba taya au tumbo kwa kasi, huenda ni Burkitt, ile iliyoelezwa na Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958, inayowapata zaidi watoto wa nchi zenye malaria nyingi. Hiyo hukua haraka ajabu lakini pia huyeyuka haraka kwa dawa, na walio wengi hawafiki kwenye upandikizaji kabisa. Mzazi wa mtoto wa aina hiyo akimbilie dripu za dawa za saratani, habari za kwenda kupandikizwa India aziache.

Wakati huohuo mgonjwa apimwe VVU na virusi vya homa ya ini aina ya B. VVU vikidhibitiwa kwa dawa havimzuii mtu kupandikizwa. Homa ya ini B isipojulikana mapema inaweza kuamshwa na dawa za saratani, ikamuumiza mgonjwa ambaye matezi yake yalikuwa yanapona.

Kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, rufaa za saratani kwa kawaida zinaelekea taasisi ya saratani ya Ocean Road au hospitali ya taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Anayekaa Korogwe au Lushoto na ana ndugu Moshi aulizie pia hospitali ya KCMC, wana kitengo cha saratani. Chagua kule ambako mgonjwa ana pa kulala, maana utarudi huko kila wiki mbili au tatu kwa miezi.

Hatua ya pili: uliza kama upandikizaji unahitajika kweli

Hapa ndipo nataka ukae kidogo.

Wagonjwa wengi wa limfoma hawahitaji kupandikizwa. Wanapata dripu za kwanza, pengine na mionzi, na ugonjwa unaondoka. Limfoma ya seli kubwa za B (aina ya chembe nyeupe za damu), ambayo ndiyo ya kawaida kati ya zile zinazokwenda mbio, hutibiwa kwa mchanganyiko wa dawa pamoja na rituximabu, mara nyingi mizunguko sita ya siku 21. Upandikizaji unaingia pale ugonjwa unaporudi, au unapogoma kuisha.

Sababu yake iko hivi. Dawa za saratani zikipewa kwa kipimo kikubwa sana zinaua seli za limfoma zilizozoea kipimo cha kawaida. Shida ni kwamba kipimo hicho kinaunguza na uloto, na mtu asiye na uloto hana damu. Ndiyo maana seli shina hutolewa kwanza, zikawekwa pembeni, dawa ikapita, kisha zikarudishwa. Mkulima wa Muheza anayafunga mahindi ya mbegu juu ya meko, moshi uyalinde na fukusi, kisha ndipo anachoma shamba. Hachomi kwanza akatafuta mbegu baadaye. Kwa maneno mengine, kinachotibu ni ule moto. Seli zinamwokoa mgonjwa na moto wenyewe.

Likikuingia hilo, utaelewa kwa nini daktari hakubali kupandikiza mara tu ugonjwa unaporudi. Kwanza anatoa mizunguko miwili au mitatu ya dawa nyingine, aone kama matezi yanasinyaa. Yakisinyaa, moto mkubwa una maana. Yakikaa vilevile au yakiongezeka, kipimo kikubwa cha kitu ambacho ugonjwa umeshakidharau hakitamsaidia sana. Utafiti uliotangazwa mwaka 1995, unaojulikana kwa jina la mji wa Parma, uliwachukua wagonjwa ambao limfoma zao kali zilirudi lakini zikaitikia dawa. Miaka mitano baadaye, asilimia 46 ya waliopandikizwa walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya asilimia 12 ya walioendelea na dawa za kawaida. Dawa zimebadilika tangu wakati huo, lakini neno la kushika ni lile "ikaitikia".

Namba hizo pia zinasema kitu ambacho dalali wa safari za matibabu hatakuambia: hata katika kundi hilo lililochaguliwa, zaidi ya nusu hawakupona kwa njia hiyo. Ndugu wajue hilo kabla ya kikao cha kuchanga.

Basi mbele ya daktari uliza matatu na uyaandike majibu. Aina gani ya limfoma? Imeitikia dawa kwa kiasi gani, na kipimo gani kimeonyesha hivyo, picha ya CT au ya PET? Unapendekeza seli zake mwenyewe au za mtu mwingine, na kwa nini? Asipotaka kuyajibu, muulize tena, taratibu. Huna haja ya kugomba. Mimi niliingia na daftari mkononi, nikagundua kwamba kalamu inamfanya daktari aongee polepole.

Uliza pia kuhusu CAR-T, ambako chembe nyeupe za mgonjwa hutolewa, zikafundishwa maabara kuitambua saratani, zikarudishwa. Kwa baadhi ya limfoma za seli za B zilizorudi mapema, tiba hiyo imeupita upandikizaji. India iliidhinisha ya kwake, NexCAR19, Oktoba 2023. Bei bado si ya mtu wa kawaida, lakini swali halitozwi.

Hatua ya tatu: seli za nani?

Kwa limfoma, mara nyingi ni za mgonjwa mwenyewe. Hakuna kutafuta mtoaji, hakuna mwili kukataa, na katika hospitali zenye uzoefu wanaokufa kutokana na tiba yenyewe ni wachache, chini ya 5 kwa 100.

Za mtu mwingine huja pale zake zimeshindwa, au limfoma ni ya aina fulani fulani. Faida yake ni kwamba kinga ya mtoaji inaendelea kuiwinda saratani. Hatari yake ni kwamba kinga hiyohiyo inaweza kumgeuka mwenyeji wake, ikashambulia ngozi, ini na utumbo, ndiyo maana mgonjwa anakaa kwenye dawa za kuituliza kwa miezi.

Sasa familia zetu. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu. Wale wa baba mmoja mama mbalimbali, hata kama mmelelewa sahani moja, kwa kawaida hawavuki nusu. Baba, mama na watoto wa mgonjwa nao ni nusu, na siku hizi nusu inatumika, kwa dawa maalumu inayotolewa siku chache baada ya kupandikiza. Kundi la damu si lazima lifanane. Shangazi yetu alilia kwa kuwa yeye ni O na mgonjwa ni B, akidhani kafukuzwa kwa sababu hiyo. Hakufukuzwa, ila kipimo cha kulinganisha seli ni kingine kabisa, wala hakiangalii mapenzi.

Neno moja la haraka: ikiwa kuna uwezekano wa kuhitaji seli za ndugu, ndugu hao wasimtolee mgonjwa damu. Mwili unaweza kujifunza kuwakataa kabla siku haijafika. Watoe damu marafiki, majirani, wenzake wa kazini. Ndugu wakae akiba.

Hatua ya nne: wapi, na kwa fedha gani

Hapa nchini, Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo inapandikiza, na imejulikana zaidi kwa watoto wenye selimundu. Kwa hiyo kabla ya kuwaza pasipoti, muombe daktari wako aulize moja kwa moja: kwa limfoma ya mgonjwa huyu, kwa wakati huu, mnapokea? Kupelekwa nje kwa gharama ya serikali kunapitia jopo la madaktari na Wizara ya Afya, na mlango wake ni daktari anayekutibu, si mtu uliyemkuta kwenye korido.

Maana huyo wa kwenye korido yupo. Sisi alitupata kwa simu, sauti tamu, akatutajia bei ya "kila kitu". Tulipofika, "kila kitu" hakikuwa na chembe sahani (zile za kugandisha damu), sindano za kukuza seli, wala siku hata moja ya ziada wodini. Dai makadirio ya maandishi yenye barua ya hospitali, na uangalie yanataja: dawa za kabla ya kuvuna seli, mashine, kugandisha, siku ngapi za chumba cha peke yake, damu na chembe sahani, na nini kitatokea homa ikizidi. Kisha ongeza mwenyewe chumba cha kupanga na chakula cha watu wawili. Seli zake mwenyewe: hesabu wiki sita. Za mtu mwingine: miezi mitatu na zaidi, kwa sababu siku 100 za kwanza hawakuachi uende mbali.

Bima ulizia kwa maandishi, kipengele kwa kipengele. Hospitalini kuna ofisi ya ustawi wa jamii, na watu wa Tanga tuna tabia ya kuona haya kuuingia mlango huo. Ingia tu.

Kama ni safari ya nje, kuna mtego wa kadi ya homa ya manjano. Chanjo ile ina virusi hai, na mgonjwa aliye kwenye dripu hatakiwi kuchanjwa. Asiende akapanga foleni ili kadi ipatikane. Aandikiwe cheti cha kitabibu cha kusamehewa chanjo, na ubalozi wa nchi mnayokwenda uulizwe mapema kama wanakipokea.

Hatua ya tano: kabla ya kuondoka Tanga

Meno yakaguliwe, lililooza ling'olewe sasa, maana jino bovu kwa mtu asiye na kinga ni mlango wa homa. Bawasiri vilevile, isemwe bila haya.

La uzazi liongelewe mapema, kabla ya dawa nzito. Dawa hizi mara nyingi zinaondoa uwezo wa kuzaa. Kijana wa kiume anaweza kuhifadhi mbegu zake kwa kugandishwa, na kwa mwanamke kuna kuhifadhi mayai, ingawa kunataka muda na fedha zaidi. Mimi sikuweza kumwambia mdogo wangu, nilimtuma mjomba. Mjomba naye alizungukazunguka kwenye habari za mpira wa Coastal Union nusu saa nzima kabla hajalitaja.

Dawa za miti zisimamishwe na zitajwe kwa daktari. Simtukani mganga yeyote, ila mizizi iliyochemshwa inaweza kugongana na dawa ndani ya ini, na daktari atakuwa anatafuta sababu asiyoijua. Kuhusu kombe, yale maji ya kunywa yaliyooshea aya zilizoandikwa: bibi yetu alitaka mgonjwa anywe. Tukakubaliana dua isomwe juu ya maji ya chupa ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa. Bibi akaridhika, daktari akaridhika.

Hatua ya sita: kuvuna seli

Mgonjwa anachomwa sindano za filgrastimu kila siku, kwa kawaida siku nne au tano, zinazosukuma seli shina zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu. Nyonga na mgongo vitauma. Ni maumivu ya uloto unaofanya kazi, na huondoka sindano zikiisha. Kisha analazwa kando ya mashine, damu inatoka upande mmoja, inazungushwa, seli zinachujwa, damu inarudi upande wa pili. Saa nne hadi sita, pengine siku mbili mfululizo. Midomo ikianza kuwasha kama umekula pilipili, mwambie muuguzi palepale: dawa inayozuia damu kuganda mashineni inashusha kalsiamu, na wanayo ya kurudisha.

Lengo ni angalau seli milioni 2 kwa kila kilo ya uzito. Zikipungua kuna dawa ya kuongeza msukumo, na kuna wanaorudi siku nyingine. Waliovuta dripu nyingi huko nyuma ndio wanaopata taabu zaidi hapa, sababu nyingine ya kutopoteza miezi kwenye hatua ya kwanza.

Hatua ya saba: moto, na siku ya sifuri

Kuanzia hapa kalenda ya nyumbani iweke kando. Siku ya kurudishiwa seli inaitwa siku ya sifuri. Zinazotangulia zinahesabiwa kurudi nyuma, zinazofuata zinahesabiwa kwenda mbele.

Mchanganyiko unaotumika sana kwa limfoma unaitwa BEAM, dawa nne ndani ya siku sita hivi. Ya mwisho, melfalani, inaunguza kinywa vibaya. Kuna ujanja mdogo usio na gharama: mgonjwa afyonze barafu kabla, wakati na baada ya dawa kuingia. Mishipa ya kinywa inasinyaa kwa baridi na dawa inafika kidogo. Mdogo wangu alifyonza vipande mpaka meno yakamgonga, akasema haongezi. Nikamwambia nitampigia mama. Akaongeza.

Siku ya sifuri wanaleta chombo kinachotoa moshi mweupe. Ni nitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Muuguzi anasoma jina, mwenzake anasoma tena, mgonjwa naye anataja lake. Mfuko mdogo, rangi ya juisi ya ukwaju iliyokolea, unatumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 37 na unayeyuka huku unauangalia. Halafu chumba kizima kinanuka vitunguu saumu. Hakuna aliyetuonya. Nilidhani kuna mtu kaingia na mishikaki. Ni ile dawa ya kuzilinda seli na barafu, inatoka kwa pumzi ya mgonjwa kwa siku moja au mbili. Mpe pipi anyonye.

Hatua ya nane: siku za chini

Siku ya sifuri mgonjwa anaweza kuwa anachekacheka. Msidanganyike mkatangaza kwenye kundi la ukoo kwamba mambo yameisha. Kuanzia siku ya tano hivi chembe nyeupe zinafika karibu na sifuri, kinywa kinachubuka, tumbo linaharisha, nywele zinabaki kwenye mto wa kulalia. Damu na chembe sahani anaongezewa, na mfuko wowote anaopewa kipindi hiki unatakiwa uwe umepigwa mionzi, ili chembe za mtoa damu zisimshambulie. Uliza, "Huu umepigwa mionzi?" Hakuna atakayekasirika.

Kazi ya anayeuguza ni ndogo na haina mapumziko: kunawa mikono, kumsukutulisha kinywa, kumtembeza hatua chache hata akikataa, kumpima joto. Homa ya nyuzi 38 haingoji asubuhi.

Na kuzuia wageni. Kwetu mgonjwa haangaliwi na mtu mmoja, wanakuja kumi na machungwa ya Muheza kwenye kikapu. Khalati yangu mmoja anaishi nchi ileile tuliyokwenda, saa mbili tu kwa treni kutoka hospitali. Alipiga simu: "Mwanangu, nimeshapika, niko njiani."

"Khalati, Mungu akuweke, lakini hata mimi naingia kwa barakoa."

"Basi nitamwona kwa dirishani."

"Ghorofa ya tano, khalati."

Akanyamaza, akasema, "Basi nitaangalia juu." Na alikuja kweli, akasimama chini kwenye maegesho. Mdogo wangu akapunga mkono kwa kioo. Ile ndiyo ziara pekee iliyoruhusiwa.

Kila asubuhi wanatoa damu na kila asubuhi mnasubiri namba. Seli zinajua njia zenyewe, zinasafiri na damu hadi zinaingia kwenye mifupa na kuanza kuzaa. Kwa seli za mwenyewe ni kati ya siku ya 10 na ya 14. Wanachokingoja ni aina ya chembe nyeupe inayoitwa neutrofili ivuke 500, ibaki juu ya hapo. Ya mdogo wangu ilikuwa 0, 0, 40, kisha 210, kisha 690.

Hatua ya tisa: kurudi nyumbani

Daktari akiruhusu safari, nyumba iwe imeshaandaliwa. Chandarua chenye dawa, na muulize daktari kama anahitaji kinga ya malaria, maana wa huko nje wanaweza wasikumbuke kwamba Tanga ina mbu. Maji yachemshwe. Maziwa na mtindi viwe vya kiwandani vilivyochemshwa, si vya kibuyu. Chakula kitoke jikoni kikiwa moto. Chungwa ruksa, alimenye mtu aliyenawa, si lile lililomenywa barabarani tangu asubuhi. Kachumbari, pweza wa kibandani na dafu la mkata madafu vingoje. Udi na ubani visifukizwe chumbani kwake. Banda la kuku, vumbi la ujenzi na mapango ya Amboni asikaribie: mavi ya ndege na ya popo yana kuvu inayopenda mapafu yasiyo na kinga.

Atakuwa na antibiotiki ya kotrimoxazole na dawa ya kuzuia mkanda wa jeshi kwa miezi, pengine mwaka. Asiziache kwa kuwa anajisikia vizuri. Saumu ya Ramadhani aulize kwanza, sheikh na daktari wote wawili, na kwa uzoefu wangu wote wawili watasema hapana kwa mwaka ule.

Kitu nilichoona kina thamani kuliko vyote: barua moja ya ukurasa mmoja, iandikwe na hospitali iliyopandikiza, ikae kwenye bahasha ya plastiki mlangoni. Iseme mgonjwa huyu kapandikizwa tarehe fulani, homa ya nyuzi 38 kwake ni dharura, aanzishiwe antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja, na damu akipewa iwe imepigwa mionzi. Nakala moja ipelekwe Bombo kabla hajaugua. Tuliitumia siku ya 61, saa nane usiku, kwa bajaji. Daktari wa zamu alikuwa kijana sana, akaisoma amesimama, na hakuuliza swali hata moja.

Kisha chanjo. Uloto mpya hausahau kila kitu, lakini unasahau vingi, kwa hiyo chanjo nyingi za utotoni zinarudiwa, kuanzia miezi sita hadi mwaka kutegemea hospitali. Zile zenye virusi hai, surua na homa ya manjano, si kabla ya miaka miwili, na daktari aseme kwanza kwamba kinga imetosha. Mtu mzima kwenye foleni ya kliniki ya watoto Makorora anachekesha, ajiandae. Mdogo wangu alikaa kwenye benchi katikati ya kina mama wanaonyonyesha, mtu wa futi sita na kadi yake mkononi, na mtoto wa jirani yake alipolia kwa sindano, yeye ndiye aliyefumba macho.